Mtaji Usiliwe Jikoni: Mwongozo Kamili wa Kuuza Mtandaoni na Kuendesha Nyumba

Wauzaji wengi wa nguo, viatu na vyombo kwa WhatsApp hapa Dar hawafungi biashara kwa kukosa wateja. Wateja wapo. Kinachowafunga ni kwamba pesa ya gauni lililouzwa saa nne asubuhi inaingia kwenye laini ileile inayonunua umeme wa LUKU na kulipa ada, na shemeji akipiga simu "nisukumie elfu kumi" laini ni hiyohiyo. Ikifika Ijumaa ya kwenda Kariakoo kuchukua mzigo mpya, salio linasoma elfu kumi na nane na hakuna anayejua nyingine zimekwenda wapi. Mtaji umeliwa jikoni, tonge kwa tonge.

Mwongozo huu ni wa kuuza na wa kulinda kilichouzwa, kwa pamoja, kwa sababu ukishauzia nyumbani mambo haya mawili hayaachani. Nimetumia mfano wa magauni ya kitenge kwa kuwa hesabu zake hazisumbui. Ukiuza sufuria, mafuta ya nywele au viatu vya mtumba vya soko la Karume, badilisha namba tu. Bei nilizoweka ni za kufundishia. Za sokoni kaulize mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua nyumba inakula kiasi gani

Kabla hujapiga picha ya gauni lolote, chukua kauntabuku uandike kila kinachotoka kwa wiki mbili. Kila kitu, mpaka karanga za mtoto. Usitegemee kumbukumbu. Pesa ya simu inasaidia hapa, kwa sababu unaweza kuomba taarifa ya miamala kwenye programu ya mtandao wako ukaona mwenyewe ulichotuma na ulichotoa. Kinachopotea ni kile ulichotoa kwa wakala kikawa noti mkononi.

Ukimaliza, gawa matumizi mafungu matatu. La kwanza ni ya kila siku: unga, mchele, mboga, nauli, mkaa au gesi. La pili ni ya mwezi: umeme, maji, bando la nyumbani, dada wa kazi kama yupo. La tatu ndilo linaloua watu: yanayokuja kwa mkupuo. Kodi ya nyumba ya miezi sita, ada na sare za Januari, mchango wa harusi ya binamu, bima ya afya. Haya yabadilishe yawe ya mwezi. Kodi ya 900,000 kwa miezi sita ni 150,000 kila mwezi, iwe mwenye nyumba amepiga hodi au hajapiga.

Kwenye umeme kuna jambo dogo linalowachanganya wengi. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na hukatwa unaponunua umeme kwa mara ya kwanza mwezi huo. Ukinunua wa 2,000 tarehe mosi utapata uniti kiduchu ukadhani mita imeharibika. Na kama miezi miwili mita haikununuliwa umeme, deni hilo linakusubiri. Nunua mara moja wa kutosha mwanzoni mwa mwezi, na kama wewe ni mpangaji, zungumza na mwenye nyumba, maana kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo.

Jumla ya mafungu hayo matatu ndiyo namba unayoihitaji. Iandike kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza wa daftari. Tutairudia kwenye mshahara wako.

Hatua ya 2: Tenganisha laini

Laini ya biashara iwe ya mtandao mwingine na ile ya nyumbani. Kama nyumbani ni Vodacom, biashara iwe Airtel, Halotel au Yas. Isajili kwa jina lako na alama ya kidole chako, usiazime ya mdogo wako. Siku mkigombana pesa ni yake. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika ikafutwe.

Kwenye laini hiyo omba Lipa Namba, yaani namba maalumu ya biashara ya kupokelea malipo. Faida yake kubwa ni kwamba malipo ya wateja hayachanganyiki na pesa anazokutumia mama kutoka Tanga, na mteja anaona jina la biashara linalojitokeza kabla hajaweka namba ya siri. Mtu aliyewahi kutapeliwa, na Dar ni nani hajawahi, hutulia akiona jina.

Hapohapo weka WhatsApp Business. Ni bure. Ina katalogi ya kupanga bidhaa na bei, lebo za kuwatofautisha wateja waliolipa na wanaosubiri mzigo, na majibu ya haraka ya yale maswali matano unayoulizwa kutwa nzima.

Hatua ya 3: Usianze na mzigo, anza na cha juu

Ukiwa na laki mbili usikimbilie kununua dazeni mbili za magauni. Hujui bado wateja wako wanavaa saizi gani wala wanapenda rangi gani. Kariakoo watu wanaanza kama mawinga: unatafuta mwenye duka la jumla anayekuruhusu kupiga picha mzigo wake, unatupia kwenye stetasi, mteja akilipa unakwenda kuchukua, unaweka cha juu chako, yaani faida unayoongeza juu ya bei ya duka. Faida ni ndogo na miguu inauma, lakini mtaji haulali kabatini.

Fanya hivyo mwezi mmoja au miwili. Andika kila kilichoulizwa, hata ambacho hakikununuliwa. Ukiona wanawake kumi na wawili wameulizia gauni la mikono mirefu la saizi kubwa na wewe unaposti ya vijana, soko limeshakujibu. Hapo ndipo ununue nusu dazeni zako mwenyewe, na usimwache yule mwenye duka. Atakukopesha siku moja.

Kuhusu picha sina mengi. Mwanga wa mlangoni asubuhi unatosha, shuka jeupe nyuma, picha ya mbele, ya nyuma na ya mshono kwa karibu. Pima gauni kwa futi ya fundi uandike kifua, kiuno na urefu kwa inchi. "Saizi L" ya China na "L" ya fundi wa Manzese haziko pamoja, na mteja wa Mbeya hawezi kuja kujaribisha.

Na uandike bei. Hii tabia ya "bei njoo inbox" inakupotezea muda wewe na mteja. Wanauliza bei thelathini kwa siku, wananunua wawili, halafu unashangaa kwa nini vidole vinauma.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya gauni moja mpaka mwisho

Hapa ndipo pa kukaa. Umenunua nusu dazeni kwa 84,000, yaani kila moja 14,000. Wengi husimama hapo, wakauza 20,000 na kusema "nimepata elfu sita". Endelea kuhesabu.

Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na mbebaji ni 6,000. Gawa kwa sita, ni 1,000. Mfuko 300. Bando la biashara la wiki 9,000, na kwa wiki unauza magauni 18, ni 500 kila moja. Makato ya kupokea na kuhamisha pesa, weka 400. Gauni limekugharimu 16,200. Ukiuza 22,000 unabaki na 5,800.

Sasa anaingia mteja. "Dada, bei ya mwisho?" Unamwambia ishirini na mbili. "Jamani dada yangu, mimi mteja wako, fanya ishirini." Umekubali, faida imekuwa 3,800. "Basi nitumie na boda, nipo Tabata tu." Boda ni 3,000. Umebaki na mia nane, na bado hujajilipa muda wa kujibu meseji zake kuanzia jana usiku.

Kwa hiyo amua mapema, ukiwa peke yako na kalamu, bei ya chini kabisa ya kila bidhaa. Iandike pembeni. Punguzo litoke kwenye kitu kimoja tu: ama bei ama usafiri, visitoke vyote. Jibu la adabu lipo tayari: "Dada yangu, nikikupunguzia hapo usafiri utakuwa wako, au lipa kamili mzigo ukufikie mlangoni. Lipi lina nafuu kwako?" Wengi huchagua, wala hawaoni umekataa.

Weka pia fungu la gauni litakalododa. Katika sita, moja huwa na zipu mbovu au rangi isiyopendwa. Ukiliuza 14,000 ulizonunulia, umepoteza 2,200 za gharama. Si msiba, ilimradi liuzwe mapema. Gauni linalokaa miezi minne ni elfu kumi na nne zilizofungiwa.

Hatua ya 5: Pokea pesa kabla ya mzigo kuondoka

Kwa mteja wa mkoani, pesa yote kwanza. Kwa wa Dar asiyefahamika, atangulize nauli ya boda, gauni alipie akilipokea. Kuna watu wanaagiza kwa raha tu, boda akifika simu haipokelewi.

Meseji ya muamala si pesa. Matapeli wanatengeneza meseji inayofanana kabisa na ya mtandao, jina na kiasi, hata salio. Usiangalie meseji, angalia salio lenyewe kwenye menyu, na umwambie boda asikabidhi mpaka umpigie. Akipiga mtu analia kwamba amekosea namba umrudishie, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja wa mtandao wake ili muamala urudishwe na mtandao. Anayekimbilia kukuomba urudishe kwa namba tofauti na iliyotuma, huyo mwizi. Meseji zao, ikiwa ni pamoja na zile za "ile hela itume kwenye namba hii", zitume kwenda 15040 ambayo ni bure.

Mzigo wa mkoani unakwenda na basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Andika jina na namba ya mpokeaji pande mbili za kifurushi, kwa kalamu ya wino mzito. Dai risiti ya ofisi ya vifurushi ya basi hilo, ipige picha, mtumie mteja pamoja na namba ya basi na muda wa kufika. Kumpa utingo mkononi ni rahisi zaidi, mpaka siku mzigo unapopotea Makambako na utingo anasema hakuujua.

Hatua ya 6: Jumapili jioni, funga hesabu

Siku moja kwa wiki, saa moja, daftari na simu. Tuseme umeuza magauni 18 kwa 22,000. Zimeingia 396,000. Macho yanaona karibu laki nne na moyo unafurahi. Tulia.

Kwanza toa mtaji: 14,000 mara 18 ni 252,000. Hizi zinabaki kwenye laini ya biashara na hazina mjadala, hata mtoto akiumwa. Ya kuumwa tutaitafutia fungu lake. Pili toa gharama ulizokwisha kulipa au utakazolipa: 2,200 mara 18, ni 39,600. Zimebaki 104,400. Hizo ndizo zako.

Katika hizo, jilipe mshahara. Sema 60,000 kwa wiki, inahamia laini ya nyumbani siku hiyohiyo, mara moja, bila kudonoadonoa katikati ya wiki. Halafu 20,000 ziende akiba ya dharura. Zinazobaki 24,400 ni za kukuza mtaji na za kodi ya serikali. Wiki nzuri usiongeze mshahara. Wiki mbaya usiukope. Ukifanya hivi miezi mitatu utajua mshahara gani biashara inaumudu kweli, na ndipo uurudie ukurasa wa kwanza wa daftari kuona umebeba sehemu gani ya nyumba. Mara nyingi mwanzoni ni umeme, maji na mboga. Kodi ya nyumba inabaki kwa chanzo kingine. Bora kujua hivyo kuliko kuacha kazi ya mshahara kwa sababu ya stetasi iliyochangamka mwezi mmoja.

Kuna njia tatu ambazo jikoni hupitia kuuiba mtaji kimyakimya. Ya kwanza ni bidhaa: umechukua gauni ukavaa kwenye harusi, umempa wifi yako moja kwa heshima. Liandike kwa bei ya kununulia na lilipwe kutoka mshahara wako. Ya pili ni nyumba kukopa kwenye biashara yako: unga umeisha Alhamisi, unasema nitarudisha. Ukilazimika, andika tarehe ya kurudisha na uikate Jumapili. Ya tatu ni jamaa wanaochukua kwa "nitalipa mwisho wa mwezi". Hapa weka kanuni moja kwa wote na lawama iangukie kanuni: "Shemeji, mzigo huu ni wa pesa za watu, siruhusiwi kukopesha." Atanuna, atazoea.

Na mwenza wako aione daftari. Mume akiona simu inalia "umepokea" mara sita kwa siku bila kuona 252,000 zinazorudi Kariakoo, ataacha kutoa ya mboga akijua unazo. Hili limevuruga nyumba nyingi kuliko hasara. Vivyo hivyo kama mume ndiye muuzaji na mke ndiye anayesubiri matumizi.

Hatua ya 7: Akiba ina mahali pake

Kibubu ni kizuri kwa sarafu. Zaidi ya hapo kinavunjwa na mwenye nacho.

Mchezo, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, una nguvu kwa sababu unalazimishwa na aibu: kijumbe, yaani mkusanyaji, akipita, unatoa. Ukipangiwa mwanzoni umepata mkopo usio na riba. Ukiwa wa mwisho umewawekea wenzako. Omba zamu yako iangukie Desemba au mwanzoni mwa Januari, kabla shule hazijafunguliwa, au mwezi mmoja kabla ya Idi kama unauza nguo. Ila usiweke pesa ya dharura huko, maana homa ya mtoto haisubiri zamu.

VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vinakufaa ukishakuwa na mwendo, kwa sababu unaweka hisa na unaweza kukopa. Uliza mambo mawili kabla ya kujiunga: sanduku au akaunti inafunguliwa na watu wangapi, na mwaka jana waligawana lini.

Dharura iweke mahali pasipo pa mbali wala pa karibu sana. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ni mmoja wa mahali hapo. Unanunua vipande kwa simu, na ukitaka kutoa unasubiri siku chache za kazi. Siku hizo chache ndizo zinazokuokoa na viatu vya mtumba vilivyofunguliwa balo leo. Lenga kufikisha matumizi ya nyumba ya mwezi mmoja kwanza. Miezi mitatu itakuja.

Hatua ya 8: Mikopo ya simu na kazi za uongo

Huduma za kukamilishia muamala salio lisipotosha na mikopo ya dakika tano zina ada, na ada hiyo ipime kwa magauni. Ukikopa 100,000 urudishe 130,000 baada ya wiki mbili, zile 30,000 ni faida ya magauni matano na kidogo. Je, hiyo laki itauza magauni mangapi ndani ya wiki mbili? Kama jibu halizidi kumi, acha. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, haifai hata kwa hesabu hiyo, na programu nyingi za mikopo hazina leseni: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Hizo ndizo zinazosoma majina kwenye simu yako na kumtumia bosi wako meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu.

Ukihitaji mtaji wa kukua, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida ni kwa vikundi, na inachukua muda, lakini riba ni sifuri.

Kuhusu kazi za mtandaoni za kulipia ili ulipwe, "weka elfu hamsini uangalie matangazo upate elfu mbili kwa siku", dalili ni moja: pesa yako inatangulia, na faida inapanda ukileta wengine. DECI ya 2009, mchezo wa upatu, haikuwa na simu janja na bado iliwafilisi watu. LBL ya 2025, ya namna hiyohiyo, ilikuwa na programu maridadi na ikaishia kwa polisi. Anayekulipa kwa kuangalia video, mwulize anauza nini na kwa nani.

Hatua ya 9: TIN na kodi, mapema

Mauzo ya 396,000 kwa wiki, kwa mwaka ni zaidi ya milioni 20. Wengi hawajui wamefika huko, kwa kuwa hawajawahi kujumlisha. Mfanyabiashara mdogo anakadiriwa kwa mauzo, wala si kwa faida. Chini ya milioni 4 kwa mwaka hakuna kodi ya mapato ya kulipa. Ukivuka milioni 11 unaingia kwenye risiti za EFD, zile za mashine ya kodi.

TIN, namba ya mlipakodi, unaiomba mtandaoni kwa TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa namba ya NIDA na haiuzwi. Kijana wa nje ya ofisi anayetaka elfu ishirini anakuuzia cha bure. Ukienda kufanyiwa makadirio beba lile daftari la Jumapili. Mwenye mauzo ya milioni 5 asiye na kumbukumbu hupangiwa 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 30,000.